Mkono wa Koko Kwenye Bango

Chekeni tu, maana aibu yenyewe hata mimi sijaizoea, na mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule wa Karatu natazama upande mwingine.

Picha ilikuwa nzuri kama ndoto. Asubuhi ile tulisimama ukingoni mwa kreta, mimi, mchumba wangu Naserian na koko, yaani bibi yake aliyemlea kule Malambo, na ukungu ukawa unapanda taratibu kutoka chini, mweupe, hauna sauti, mpaka ikawa kama tunaelea. Dereva aliyetupeleka akatupiga picha. Koko alitoka amefumba macho, kinywa wazi, shuka limepeperuka likamfunika nusu ya uso. Basi Naserian aliponiomba picha ya bango la sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga kwao, nikaona (akili zangu hizi) tubaki wawili tu na ukungu, nikakata upande wa koko, nikatuma. Kwenye simu ilipendeza, ungedhani dunia nzima haina watu wengine.

Siku ya sherehe naingia na wazee wangu, nimenyooka ndani ya suti, nainua macho, bango kubwa kama ukuta, na begani kwa Naserian kuna mkono. Vidole vitano na bangili za shanga, umetokeza kwenye ukungu bila mwenyewe. Kwenye simu nilidhani ni mkunjo wa shuka.

Mshereheshaji naye hakuninyamazia. "Bwana harusi mtarajiwa, huyo wa tatu ni nani?"

Ukumbi ukacheka, nikapanda kiti niuzibe kwa maputo, kiti kikayumba, nikashika bango, upande mmoja ukang'oka ukanifunika mzima mzima. Nilipochomoza, kicheko kilikuwa kimekwisha. Koko alikuwa amesimama pale mbele, anautazama ule mkono, kisha anatazama wa kwake.

"Huu ni wangu," akasema polepole. "Mimi mwenyewe mliniweka wapi?"

Naserian hakunitazama. Baba yake akaniambia, "Mjibu mama yangu."

Nikapiga magoti nikampa simu yenye picha nzima. Akaisogeza karibu na macho.

"Nilikuwa nacheka," akasema. "Nikicheka ninakuwa mbaya?"

"Hapana, koko. Nimekosa."

Nikainamisha kichwa. Akakigusa kwa kiganja, kama wanavyoguswa watoto wa kwao wanaposalimia wazee, nami machozi yakanitoka mbele za watu. Bango likafungwa upya, akaenda akasimama pale picha ilipoishia, akamwambia mpiga picha, "Piga. Ila huyu usimpe akate."

Tumeoana, na simu yangu sasa imejaa picha mpaka inagoma. Sikati. Hata mpita njia akitokea pembeni anajikuna, mwacheni hapohapo. Naye ana kwao.