Ngoma Isikatwe

Kila asubuhi, kabla ya kumkaribia Kalyani, Mjomba Choyi husimama mbele yake uani na kumwonyesha viganja viwili vitupu. Tembo huvinusa kwa mkonga, kimoja kisha kingine. Ndipo Choyi huchukua maji na kumbi la nazi, akaanza kumsugua.

Sisi majirani zake hapa Thalassery, kusini mwa India, tumezoea. Kalyani alikuwa tembo mashuhuri wa sarakasi. Mama yangu, akiwa mtoto, alipanga foleni juani ili amwone akisimama kwa miguu ya nyuma. Sarakasi ilipovunjika, mwenye nayo hakumhitaji tena. Choyi, mtunzaji wake, akaja naye nyumbani.

Mwaka huu tembo wa hekalu, anayebeba sanamu ya mungu, aliugua asubuhi ya sikukuu. Kanaran, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, akaja mbio.

"Kaka Choyi, tupe Kalyani."

"Ngoma zitamsumbua."

"Ngoma! Huyu kasikia ngoma nyingi kuliko majani aliyokula. Au unaona wivu mungu akimpanda?"

Watu wakacheka. Choyi hajui kubishana mbele za watu. Akakubali.

Kuhani akapanda na sanamu mikononi, wakaanza kulizunguka hekalu. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili, ngoma zilipoanza kwenda mbio, Kalyani akaanza kuegemea nyuma. Choyi akabadilika rangi.

"Kanaran, mshushe kuhani!"

"Una wazimu? Mungu akishapanda hashuki kabla ya mzunguko wa tatu."

"Kwenye sarakasi ngoma ilikuwa inakwenda mbio hivi hivi, halafu inakatika. Ikikatika tu, anasimama kwa miguu ya nyuma. Nilidhani kasahau!"

Kanaran akamtazama kuhani kule juu. Choyi alikwisha kukimbilia kwa Shankunni, kiongozi wa wapigaji. Sifa yote ya Shankunni ni kukata: ngoma zake zote hunyamaza pamoja, kama zinazopigwa na mkono mmoja.

"Shanku, leo usikate."

"Nisikate? Watanicheka mpaka Kozhikode!"

"Wacha wakucheke. Mtazame."

Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umeinuka kidogo kutoka ardhini. Shankunni akaitikia kwa kichwa.

Mzunguko wa tatu Choyi aliutembea kinyumenyume mbele ya Kalyani, viganja wazi. Nilijibana ukutani, nikashindwa kutazama na nikashindwa kutotazama. Ngoma zilipanda mpaka kifua changu kikatetemeka, kisha, badala ya kukatika, zikaanza kufifia polepole, kama mvua inayohamia mtaa wa pili.

"Mmechoka, wazee?" mtu akazomea. "Tuwaletee uji?"

Kalyani alishusha mguu, akapiga magoti. Kuhani akateremka na sanamu yake, hajui lolote.

Choyi akaketi chini palepale, vumbini. Nilimpelekea maji. Mimi si mwulizaji, lakini siku hiyo niliuliza.

"Mjomba, alifundishwaje kusimama?"

Alikunywa kwanza.

"Kwa ndoano ya chuma, nyuma ya sikio," alisema. "Niliishika mimi."