Igizo Lililonyimwa Chai

Mimi nina hasira za karibu, sijawahi kukataa. Mume wangu husema hasira zangu hazibishi hodi, huingilia dirishani. Lakini Jumamosi ile ya Kitengela nilikuwa na haki yangu, na hadi leo mtu akiniambia nisahau, namwambia asahau yeye.

Kuna igizo moja la kuchekesha ambalo nimeliona mara nyingi kuliko harusi za ukoo wetu. Wanaolicheza ni vijana wa huku huku Kajiado, wanalizungusha ukumbi hadi ukumbi, na wakitangaza tu, mimi nafunga kibanda changu cha chai na chapati pale karibu na machimbo ya mawe, nawafuata. Wachimba mawe wamezoea. Wakiniona nimesuka nywele Jumamosi wanasema, "Mathe, leo tunalala njaa, unaenda kuona shosho yako."

Huyo shosho, yaani bibi mzee, ndiye igizo lenyewe. Ni mjane wa Kimaasai, na anachezwa na mwanamume mrefu aliyejifunga shuka na kujaza shanga shingoni. Broka wa mashamba anatoka mjini na karatasi kwapani, anataka bibi aweke alama ya kidole ili ardhi iuzwe. Ana haraka. Ananyoosha mkono kusalimia. Bibi hauoni huo mkono. Anangoja kichwa, kwa sababu kwao mdogo humwinamia mkubwa aguswe utosini. Broka anabaki na mkono hewani mpaka watu wanaanza kushika mbavu. Akiinama tu, amekwisha. Bibi anamkalisha kwenye kigoda, na kwao mgeni hasemi kilichomleta kabla hajanywa, na kabla habari za kwao hazijaulizwa zote. Kwenu mvua imenyesha? Ng'ombe wako hawajambo? Broka anasema hana ng'ombe. "Woi, mwanangu! Ukame umewamaliza wote?" Anasema hajawahi kuwa nao. Bibi anaita majirani waje wampe pole. Chai inaletwa. Mama yako yuko wapi, anaendeleaje? Broka anakiri hajamwona tangu Krismasi ya juzi. Bibi anaweka kikombe chini, anamwangalia. Chai nyingine. Kila broka akigusa karatasi, kikombe kinajazwa. Jua linazama, mkojo umembana, anacheza kwa mguu mmoja, ndipo bibi anasema polepole, "Sasa mwanangu, umekunywa. Ulikuwa umekuja na neno gani?" Naye anajibu, "Nilikuja kusalimia tu." Hapo ukumbi unaanguka kwa kicheko.

Mimi hucheka kuliko wote, kwa sababu yule broka ni mimi. Nimezaliwa Murang'a, Umaasaini nimeletwa na ndoa. Siku ya kwanza kupelekwa kwa mama mkwe nilinyoosha mkono kama mtu anayepokea cheti, na mama akauangalia tu. Mume wangu ndiye aliyenisukuma kisogo.

Mama mkwe wangu ni mjane wa kweli, si wa jukwaani. Tangu tumzike mzee alikuwa hatoki, isipokuwa kanisani. Kwa hiyo nikirudi kutoka kwenye igizo, namwigizia jikoni. Nashika mwiko kama karatasi ya broka, nacheza kwa mguu mmoja, na yeye anafuta machozi kwa shuka. Ananirekebisha pia. "Hapo pa ng'ombe, aulize na mbuzi. Mbuzi wamesahaulika." Nimemwigizia hadi analijua kwa moyo, na hajawahi kuliona.

Sasa sikia. Shamba la mzee limebaki kipande kimoja. Pande zote zimezungushwa waya, na ng'ombe wa majirani wanapitia kwetu kwenda maji kwa sababu kwingine kote kumefungwa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa ametafuta broka. Bila kidole cha mama hakuna mauzo. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na hakai nyumbani, alisema atakubali lolote mama atakalosema. Naye mama hakuwa anasema ndiyo wala la. Alikuwa anasema tu, "Mimi ni mzee, mtoto akinisukuma ninaanguka." Broka alikuwa aje Jumapili baada ya kanisa. Na Jumamosi, igizo linakuja Kitengela! Nikasema huyu ni Mungu. Nitampeleka mama amwone bibi kwa macho yake, apate moyo, na kesho yake asianguke.

Alikubali, na hiyo peke yake ilinifanya nilie kidogo nikioga. Akavaa shanga alizokuwa amezifungia tangu msiba. Akabeba chupa yake ya chai, kwa sababu haamini chai ya watu. Tulifika jua bado liko juu. Mlangoni kijana mmoja akampa kofia ya njano yenye picha ya nyumba.

"Hii ni ya nini?" mama akauliza.

"Ya mfadhili, shosho. Bure kabisa."

Ndani, kila ukuta ulikuwa na bango la kampuni ya kuuza ploti, viwanja vya nyumba. Hata sikushtuka, mjinga mimi. Nilisema vijana wamepata wa kuwashika mkono, Mungu awabariki. Tukakaa mbele kabisa. Nikamwambia mama, "Ngoja tu, ngoja akinyoosha mkono."

Broka akaingia. Amevaa ile kofia ya njano. Akanyoosha mkono, na bibi akaupokea! Akaupokea kwa mikono miwili, akautingisha, akacheka kicheko cha mtu aliyepungukiwa akili. Nikadhani mchezaji amekosea. Broka akatoa blanketi, bibi akarukaruka. Chai ikaja, kikombe kimoja, na kabla hajakimaliza broka akatoa karatasi, bibi akachovya kidole kwenye wino, akakiweka, kisha akakilamba kile kidole chenye wino kama mtoto aliyeiba asali. Watu wakaangua kicheko. Walikuwa wanamcheka bibi. Bibi wetu! Miaka yote tumekuwa tukicheka naye.

Hakuna ng'ombe. Hakuna mvua. Hakuna majirani. Mtangazaji mwenye kipaza sauti akaruka jukwaani hapo hapo. "Mmemwona shosho amechangamka! Na wewe je, unangoja nini?" Muziki ukafunguliwa, wasichana wakaanza kugawa karatasi zenye picha za ploti.

Mama hakuwa amecheka. Alinigeukia akauliza kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, mpaka safu tatu nyuma wakasikia, "Mbona hakumuuliza habari za mama yake?"

Nyuma mtu akasema, "Shosho, tulia, ni comedy."

Haki ya Mungu, sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka tu niko juu ya kiti na kofia ya njano nimeikanyaga. "Rudisheni chai!" Nilipiga kelele hadi koo likakwaruza. "Wezi nyinyi! Rudisheni chai ya bibi!" Na hapo nikajua si peke yangu, kwa maana kutoka pembe za nyuma, wale tunaoonana kila igizo bila kujuana majina, nao walianza, "Chai! Chai! Wameiba chai!" Mtangazaji akaongeza muziki. Askari wa mlangoni akanijia, "Mama, tulia." Nitulie wapi? Wahenga walisema hasira hasara. Wahenga hawakulipa kiingilio.

Nilimfuata kiongozi wa kikundi hadi nyuma ya ukumbi. Ndiye anayemcheza bibi. Alikuwa bado na shanga shingoni, anajipangusa wino kwenye ulimi.

"Mathe, nakuelewa," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Hunielewi hata kidogo! Chai iko wapi?"

"Mfadhili aliona ile chai inachelewesha watu kununua." Alisema hivyo, bila hata aibu ya kunong'ona. "Na ile ya kuuliza mama yake, wakasema inaleta huzuni. Wakasema itolewe kabisa."

"Na wewe ukatoa! Huyu bibi amekulisha, amekuvalisha, na umemuuza kwa kofia!"

Alizishika zile shanga kama amekumbuka ziko shingoni. "Tutakula nini, mathe?" Nilikuwa na jibu, tena refu na la matusi, lakini mama alinivuta mkono. Alikuwa amechoka, anataka nyumbani.

Jirani aliyetuleta na gari lake alituchukua. Njia nzima niliwatukana wale vijana, nikamtukana mfadhili, nikatukana na picha ya nyumba iliyokuwa kwenye kofia. Tukaacha lami. Kisha mama akasema, "Mke wa mwanangu, kumbe siku hizi haichukui muda. Kikombe kimoja tu, na imekwisha."

"Mama, hilo silo igizo nililokuambia."

"Nimeona na macho yangu. Na watu wote walikuwa wamefurahi."

Nilikuwa nimempeleka mwenyewe. Nimemtoa nyumbani kwake, nimemvalisha shanga, nimemkalisha mbele kabisa ili afundishwe kuuza shamba lake. Kama ni kumsukuma, shemeji hajamsukuma hivyo.

Jumapili wakaja, shemeji na broka wake, hata nguo za kanisani hatujavua. Broka ni kijana msafi, simu mbili, bahasha ya kaki mkononi. Mama alikuwa ameketi nje kivulini mwa nyumba. Nilisimama mlango wa jikoni. Broka akanyoosha mkono.

Mama akauangalia.

Akauangalia tu. Shemeji akakohoa. Mkono ukashuka polepole, na kichwa kikainama, kwa sababu kumbe ni Mmaasai huyo, mtoto wa Kimuka, anajua, alikuwa amejisahaulisha. Mama akamgusa utosini. "Takwenya," kijana akamsalimu Kimaasai. "Iko," mama akaitikia. Kisha akaniita bila kugeuka. "Mke wa mwanangu, chai."

Nilikimbia. Nilimwaga maziwa nusu kwenye jiko, nikarudi na vikombe. Mama alikuwa ameshafika kwenye maswali ya mvua. Akaenda kwenye ng'ombe, na sikuamini masikio yangu, akauliza na mbuzi. Shemeji akasema, "Yieyo, mama yangu, huyu ana haraka kidogo, ana watu wanamngoja Kajiado."

"Mgeni amemaliza kunywa?" mama akamuuliza.

Shemeji ni mtoto wa boma hili, anajua aibu ya kumharakisha mgeni wa mama yake itamrudia nani. Akachukua kikombe chake akanywa kama mtu anayemeza dawa.

Nikaanza kutabasamu. Nikajisemea, sasa, sasa atafika pale penyewe. Nilikuwa tayari kucheka.

"Na mama yako," mama akasema. "Yuko wapi? Anaendeleaje?"

Kijana akaweka kikombe chini. Aliangalia waya za jirani, akaangalia bahasha yake. Jibu lake halikuwa lile la jukwaani.

"Yuko Kitengela," akasema. "Amepanga chumba, nyuma ya soko. Kimoja." Akasogeza kikombe. "Tuliuza kwetu. Mimi ndiye nilimletea karatasi. Kila nikienda kumwona ananiuliza, tunarudi lini."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa ameinamia viatu vyake. Ng'ombe wa jirani walianza kupita kwenye kipande chetu kwenda maji, mmoja mmoja, na kijana yule akawafuata kwa macho mpaka wa mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya bahasha, na bahasha haikufunguliwa.

Mama alichukua kikombe cha yule kijana, akanipa. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Ongeza maji kwenye sufuria, mke wa mwanangu," akasema. "Huyu hajamaliza habari za kwao."