Darasa Letu Makaburini

Kalemie haina makumbusho. Nasema mapema, maana watu wakisikia kwamba wakati wa vita mama yangu alinisomesha nyumbani, na kila Alhamisi akanipeleka kutazama mambo ya kale, wananiangalia kama mtu aliyekulia Ulaya. Thubutu! Nilikulia kwenye nyumba ya wafanyakazi wa reli, ziwa likiwa chini yetu, na mambo ya kale tuliyoyatembelea ni yale yaliyobaki bila mwenyewe: mizinga ya vita vya Wazungu iliyokaa kilimani ikitazama upande wa Kigoma, kiwanda cha nguo kilichonyamaza, kreni za bandarini zilizoliwa na kutu, na makaburi. Mama alisema mji mzima ni makumbusho, umekosa paa tu na mtu wa kukata tiketi.

Shule yangu ilikuwa na askari ndani. Walilala kwenye kalasi zetu na kupikia madawati. Walimu wengine walikusanya watoto chini ya hema nyuma ya kanisa, na mama, ambaye naye alikuwa mwalimu, alikwenda kuangalia mara moja. Akarudi, akavua viatu, akasema njia ya kwenda huko ina vizuizi vya askari na yeye hana mtoto wa akiba. Basi ikawa hivyo. Nikawa kalasi nzima peke yangu. Hakuna wa kumnong'oneza, hakuna wa kuiba jibu kwake, na mama akiuliza swali nilijua ni nani ataitwa.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa treni. Treni ya mwisho kutoka Kalemie ilielekea Kabalo naye akiwa ndani, kisha vita vikaikata reli katikati. Upande wetu wakawa waasi na askari wageni, upande wake serikali. Barua haikuvuka, simu hakuna, na mwanamke hakuthubutu kusema kwa sauti kwamba mume wake yuko ng'ambo ile, kwa sababu ulimi uliponza kichwa. Ukiulizwa unasema, "Yuko safari." Mama alinifundisha jibu hilo kabla ya kunifundisha hesabu za sehemu.

Nililishika neno safari kwa mikono miwili. Safari ina kurudi. Nikajitungia sheria yangu mwenyewe: Papa ni mzima, mradi hakuna mtu aliyesema vingine kwa sauti. Mtu akianza, "Lakini baba yako, huenda...", nilikohoa, niliangusha sufuria, nilitoka nje. Mama aliiona sheria hiyo, na nadhani alikuwa na yake inayofanana. Hatukuizungumza. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, na kila mmoja alikuwa analinda kitu kilekile kivyake.

Makaburi ya Wazungu yako kwenye mteremko, majani yameyameza. Mama aliyapenda kwa sababu za kialimu. Vitabu vyetu tulikuwa tumeviuza kwa mama wa karanga avifungie karanga zake, lakini jiwe, alisema, hakuna anayefungia karanga. Na kila jiwe lilikuwa na hesabu juu yake tayari, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

"Toa," anasema mama. Natoa.

"Aliishi miaka mingapi?" Nasema.

"Sasa huyo alikuwa muntu muzima ao mutoto?"

"Mutoto, Mama."

"Soma chini yake."

Nasoma Kifaransa kwa kidole, herufi moja moja, maana mvua ilikuwa imezila nusu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutoa kwa kukopa. Ndivyo nilivyojua pia kwamba mji wetu uliwahi kuitwa kwa jina la mfalme wao, na kwamba homa iliwaua Wazungu wa kwanza wengi kuliko risasi. Mama hakuwa na huruma nao sana, lakini hakutaka nikanyage mtu.

Kulikuwa na kaburi la msichana wa Kizungu aliyekufa akiwa na umri wangu. Huyo nilimfanya rafiki. Sioni aibu kusema: nilikuwa mpweke kiasi hicho. Mama akienda kusafisha jiwe jingine nilibaki pale, nikamwambia mambo ya nyumbani, nikamlaumu kwa kutonijibu, nikamsamehe. Mwaka uliofuata nikamzidi umri, na sikupenda.

Sasa tuangalie kwa macho ya majirani. Nguo nzuri za mama zilikuwa zimekwisha kwenda sokoni, kimebaki kitenge kimoja cheusi chenye maua meusi zaidi, ambacho hakuna aliyekitaka. Kila Alhamisi asubuhi anakivaa, anajifunga kitambaa kichwani, anakata fungu la matawi uani kwetu, ananishika mkono. Tunashuka njiani kimya, kwa sababu mama hakupenda askari wasikie sauti zetu. Tunaingia makaburini, mama anapangusa mawe kwa yale matawi, anainama, anasogeza uso karibu kabisa ili asome. Kisha tunarudi, na kabla ya kukanyaga mlango mama anamimina maji kwenye beseni, tunanawa mikono, tunanawa miguu, tunajipangusa nguo.

Tulinawa kwa sababu ya upupu. Makaburi yale yalijaa upupu, na ukiingia nao nyumbani utajikuna hadi Jumapili. Lakini kwetu anayenawa mlangoni ni mtu aliyetoka kuzika. Kila mtoto wa Kalemie anajua hilo. Mimi nilijua, mama alijua, na bado hatukufikiri hata kidogo kwamba mtu anatutazama. Ukizoea kukaa peke yako, unasahau kwamba wengine wana macho.

Jirani wetu alikuwa mama mmoja mzee, wa familia za Waislamu ambao babu zao walivuka ziwa zamani kwa biashara. Tulimwita Bibi. Yeye alimwita mama yangu Mama Mwalimu, akatuletea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakibaki, akatukemea tusipofagia mbele. Huyo ndiye aliyelitambua jambo, akalipima, akaliamini. Kwa maoni yake mama yangu amepata habari. Mume amekufa ng'ambo, mke anaogopa kulia nyumbani kwa sababu askari watauliza mumewe alikuwa anafanya nini ng'ambo, basi amejichagulia kaburi la Mzungu mmoja ili apate mahali pa kumlilia mtu wake kwa siri. Maskini Mama Mwalimu. Analia peke yake kama asiye na watu.

Siwezi kumlaumu. Ukiyapanga mambo hayo, hata mimi ningeamini.

Walikuja asubuhi, si Alhamisi. Nilisikia miguu mingi nikafikiri ni askari. Nilipochungulia, uani kwetu kulikuwa na wanawake wa avenyu nzima, wenye mikeka kichwani, wenye kuni, wenye unga wa muhogo kwenye mabeseni. Hakuna aliyebisha hodi. Msibani hakubishwi hodi. Walitandika, wakavua viatu, wakawasha moto wetu kana kwamba ni wao, mmoja akamkuta mama mlangoni akamshika kichwa akakilaza kifuani kwake. Kisha Bibi akaanza, sauti ile ndefu ya kilio, na wengine wakaipokea.

Nakumbuka uso wa mama. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na kabla hajakasirika nikaona kitu kingine: alijiachia kidogo. Mikono yake ilikuwa imemshika yule mwanamke. Kwa muda mrefu hakuna mtu mzima aliyekuwa amemgusa. Nadhani kama ningenyamaza, angelia nao, si kwa sababu aliamini Papa amekufa, ila kwa sababu alikuwa amechoka.

Sikunyamaza. Nilisimama katikati ya mikeka nikasema kwa nguvu zangu zote kwamba Papa hajafa, yuko safari, atoke nje kila mtu.

Bibi akaniambia taratibu, "Mutoto, nyamaza. Mama yako anajua."

"Mama, waambie," nikasema.

Mama akajitoa mikononi mwa yule mwanamke. Akajifunga kitenge upya, akawa mwalimu. "Mumesikia mutoto," akasema. "Hapa hakuna msiba. Tunaendaka kule kusoma hesabu. Mubebe unga wenu, murudi kwenu."

Kusoma hesabu, makaburini. Hata yeye alisikia jinsi ilivyosikika. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Wengine wakaanza kukunja mikeka, na hapo ndipo kosa lilipokuwa kubwa, kwa sababu kwetu unaweza kumkatalia mtu mambo mengi, lakini aliyekuja kulia nawe humrudishi na unga wake. Ni kumwambia machozi yake hayana kazi. Bibi alikuwa wa mwisho kutoka. Aliuzima moto mwenyewe, akatazama uani, akasema, "Lisemwalo lipo. Kama halipo, linakuja." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimchukia siku hiyo kwa moyo wangu wote.

Baada ya hapo ndipo nilipojua upweke ni nini. Ule wa kwanza ulikuwa mchezo. Salamu walitupa, kwa sababu watu wa Kalemie hawawezi kupita bila salamu. "Jambo, Mama Mwalimu." "Jambo." Ikaishia hapo. Ndagala hawakuja tena. Hakuna aliyetukemea kwa kutofagia. Watoto wenzangu walikuwa na wimbo wa kunitania, kwamba mimi nasoma na mizimu, na ukweli ulikuwa karibu sana na wimbo huo.

Mama hakuacha. Ana kichwa kigumu mama yangu, na mimi nilikipata kwake. Alhamisi tuliendelea, siku nyingine makaburini, siku nyingine kwenye mizinga, ambapo alinifundisha pembe kwa kutumia bomba la mzinga na kivuli chake. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa pia mtoto anayesikiliza kila muungurumo kutoka upande wa reli. Nilijivunia kwamba nilimwokoa Papa siku ile. Niliamini hivyo kabisa: kama wangemaliza kilio chao, angekufa.

Habari zilikuja wakati watu walikuwa wameanza kusema vita vinakwisha, na wachache walikuwa wanathubutu kupita kwa baiskeli kando ya reli. Ilikuwa mchana. Mwanaume aliingia uani akisukuma baiskeli, amekonda, akamsalimia mama kwa jina la Papa, mke wa fulani. Mama akamletea kiti. Yule mtu akakitazama kiti, akakaa chini kwenye udongo. Mama akajua hapo hapo. Nilimwona akijua.

Alisema walifanya kazi pamoja. Alisema walikimbia kwa miguu wakifuata reli, Papa akashikwa na tumbo kabla ya kufika Nyunzu, hakukuwa na dawa, wakamzika kando ya reli na kumwekea mawe. Alisema ilikuwa mwanzoni kabisa, mvua za mwaka ule wa kwanza. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Mama akamshukuru, akamwuliza kama amekula. Akasema amekula, na wote watatu tulijua hajala, akaondoka.

Nilitoa, kama nilivyofundishwa. Mvua za mwaka wa kwanza. Wanawake walikuja mwaka wa pili. Siku ile niliyosimama katikati ya mikeka, Papa alikuwa ameshalala kando ya reli siku nyingi, na Bibi alikuwa amekosea kila kitu isipokuwa hicho.

Mama aliingia ndani. Nilimsikia akihamisha vitu bila sababu. Kisha akapiga kilio. Sijawahi kusikia sauti ile kutoka kwake kabla wala baadaye. Ilitoka dirishani, ikapita juu ya ua wa matete, ikashuka avenyu yote, mchana kweupe, na mimi nilikuwa uani nikingoja miguu mingi.

Milango ilifunguka. Watu walitoka. Walikuja mpaka kwenye ua wetu wakasimama hapo, njiani, viatu miguuni, mikono mitupu. Wanawake walewale. Hakuna aliyeingia. Walitazamana, wakanitazama mimi. Mama alikuwa analia ndani peke yake na watu wote wa mtaa walikuwa hatua chache kutoka kwake, wanaogopa kurudishwa mara ya pili.

Bibi akasogea mpaka kwenye mlango wa ua. Kwetu msiba hauulizwi. Mtu akisikia kilio anaingia, hata kwa adui. Yeye aliuliza, na aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Mutoto wangu. Leo ni kweli?"

Sikukohoa. Hakukuwa na sufuria karibu. Ningeweza kuondoka, ningeweza kusema yuko safari, jibu hilo nililijua kuliko majibu yote, na wangerudi kwao, na Papa angebaki mzima kwangu siku nyingine. Mama akalia tena ndani.

"Ndiyo, Bibi," nikasema. "Papa amekufa."

Akavua viatu vyake, akaingia.