Ukungu Kwenye Glasi za Mama

Dada yangu alituma mashine ya kuosha vyombo kutoka ng'ambo ili, kwa maneno yake, mikono yangu ipate nafasi ya kumtunza Baba. Asante sana. Mikono ilipata nafasi, nayo mashine ikapata glasi za Mama.

Zilikuwa sita, nyembamba. Mama alizinunua kwa Mhindi mjini Bungoma alipoolewa, na maisha yake yote hakuruhusu mtu mwingine azioshe. Alipofariki, nilimleta Baba kwangu Kitale, na glasi nikazipakata njia nzima, zimefungwa kwa leso. Akili za Baba zilikuwa zimeanza kumtoka. Mimi aliniita shangazi, nyumba yangu aliiita hoteli, lakini glasi zile alizijua. Maji ya kikombe aliyatema. Ya glasi ya Mama aliyanywa yote. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba figo zinataka maji, na asipokunywa tutampoteza.

Basi glasi zilipoanza kufifia, niliogopa. Nilifuta, ukungu ukabaki. Nikaongeza sabuni, maana sisi tumelelewa kuamini kwamba kisichotakata hakijapata sabuni ya kutosha. Ukungu ukazidi. Sahani nazo zilitoka zimemeguka kingo, kwa sababu nilizibananisha kama magunia kwenye pikapu ya kwenda soko la Chwele. Sahani sikuzililia.

Nikampigia dada simu.

“Sugua moja na siki,” akasema. “Ukungu ukitoka, hiyo ni chokaa ya maji. Usipotoka, glasi yenyewe imeliwa.”

Nilisugua nikiwa nimeshika simu. Haukutoka.

“Unatumia maji gani?”

“Ya mvua. Ya tangi.”

Akasema maji ya mvua ni laini mno, na yakikutana na sabuni nyingi na joto, hula kioo. Jamani! Maji niliyoyaona safi kuliko yote! Nikajaribu ndimu, nikajaribu majivu kama walivyofanya nyanya zetu, nikasugua huku nalia. Bure kabisa. Nikaenda Bungoma kwenye duka lilelile, na mwenye duka wa sasa, mjukuu wa yule wa zamani, akaigeuzageuza glasi niliyomletea.

“Pole, mama. Hizi ziliisha hata mimi sijazaliwa.”

Nilirudi Kitale nikiwa sina njia nyingine. Nikachagua iliyo na ukungu kidogo kuliko zote, nikaijaza maji, nikampa Baba. Aliielekeza dirishani, akaisugua kwa kidole gumba. Kisha akanitazama, na siku hiyo alinijua.

“Mama yako ni mgonjwa, si ndio?”

“Baba, kunywa maji tafadhali.”

“Si mnanificha tu. Angekuwa mzima, glasi yake haingekaa hivi.” Akaiweka mezani, akainama kutafuta viatu. “Nipeleke Bungoma nimuone.”

Nilikuwa nimemwambia mara nyingi, na kila mara habari ilimfikia upya. Nilipiga magoti, nikamshika mikono, nikamwambia tena. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikamsogezea ile glasi. Akaisukuma, akaniuliza mbona sisi watoto tulimzika mke wake bila kumwita.