Karatasi Iliyokaushwa Kama Samaki

Kila asubuhi, kabla hajagusa Biblia, Mzee Lazare Ngoie hupitisha mikono yake juu ya mbabula ya makaa ambayo mkewe, Mama Tamar, anachemshia chai. Huigeuza, kiganja na mgongo, kisha huisugua mpaka ilie kama majani makavu. Ndipo anafungua kitabu. Wajukuu humwiga nyuma ya mlango, wakifa kwa kicheko. Yeye hawajali. Mkono wa jasho, anasema, haushiki karatasi.

Tabia hiyo ilitoka kazini. Mwaka wa 1954 alikuwa fundi kijana katika karakana ya umeme hapa Kamina, mahali palipotengenezwa transfoma. Kwa nje, transfoma ni tangi la chuma lililojaa mafuta. Ndani ya mafuta mna nyaya za shaba, na kila waya umevikwa karatasi, tabaka juu ya tabaka, ili umeme usiruke kutoka waya hadi waya. Mafuta yakichafuka, unayamwaga na kutia mengine. Karatasi haimwagwi. Joto na maji huizeesha taratibu: ilikuwa nyeupe, inageuka kahawia, ilikuwa ikipindika kama kitambaa, inaanza kukatika. Ikikatika ndani kabisa, transfoma imekufa, hata kama mafuta yake yanang'aa.

Msimu ule wa mvua, transfoma ya pampu ya maji iliingiwa na maji kupitia mpira wa kifuniko uliochakaa. Mabomba ya mtaa yakakauka, wanawake wakarudi kuteka mtoni. Kapita, yaani msimamizi wa karakana, Mwenze, aliagiza nyaya zitolewe tangini na kuingizwa katika chumba cha matofali, ambamo joto la moto wa makaa lilipita kwa bomba. Kazi ya kukausha alimpa Lazare, kwa mara ya kwanza akiwa peke yake.

"Joto ya pole pole," Mwenze alimwambia, akimwonyesha kipimajoto. "Alama nyekundu, usiipite."

Lazare na Tamar walikuwa wameoana miaka miwili tu, na walikuwa na mtoto mmoja. Nyumba yao ya matofali ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda.

Mvua haikukatika. Lazare aliitazama, na akaanza kuwaza kama mtoto wa Kabondo-Dianda, kwa watu wa samaki. Mama yake alimfundisha kwamba samaki aliyebaki na unyevu katikati huoza hata akipendeza nje. Mkaushe mpaka avunjike kwa sauti. Akaongeza makaa. Joto likapita alama nyekundu, akaliacha lipite. Jioni aliingiza mkono, akachana kipande cha karatasi karibu na bomba la moto, akakikunja. Ta! Kikavunjika.

Lazare alifurahi. Alitia kipande mfukoni, akarudi nyumbani akiimba.

"Baba Éliézer," Tamar alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "leo unaimba. Maji itatoka kesho?"

"Kesho, mama. Imekauka kabisa. Angalia."

Alimpa kipande kile. Tamar alikigusa tu, kikasagika vidoleni mwake.

"Ee! Iko kama tumbaku ya kuzeeka," akasema, akipangusa vidole.

Mkono wa Lazare ulisimama juu ya bukari, ugali wao wa jioni. Alikumbuka jinsi Mwenze alivyomwonyesha karatasi mpya siku yake ya kwanza, akiikunja na kuikunjua: hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa, ipindike. Samaki anavunjika akiwa mzuri. Karatasi inavunjika ikiwa imekwisha.

"Uko na nini?" Tamar aliuliza.

"Minyi nimeipika," alijibu, "mimi mwenyewe."

Asubuhi alikuta mapipa ya mafuta mlangoni na kifuniko tayari. Pale karakanani hakuna aliyejua. Kama angenyamaza, nyaya zingezamishwa mafutani siku ileile. Zingeweza kufanya kazi mwezi, au mwaka, kisha kupasuka, na nani angekumbuka ni nani aliyekausha? Mwenze mwenyewe alikuwa na furaha, akipiga mluzi.

"Wafwako, kapita," Lazare alimsalimu kwa heshima, akafungua kiganja chenye makombo ya karatasi ile.

Mwenze aliacha kupiga mluzi. "Nani amevunja hii?"

"Minyi. Joto ilipita alama. Niliikausha kama samaki."

Kisha Kyabu, fundi wa kuchomelea, akashindwa kujizuia. "Jamani, nani ataleta bukari? Mboga iko tayari!"

"Kyabu, funga kinywa." Mwenze hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Lazare zaidi. "Kama na ndani iko hivi, transfoma imekufa. Na weye utarudi kwa mama yako kukausha samaki ya kweli."

Alichukua taa na kisu, akainama juu ya nyaya, akakata ukanda mwembamba kutoka ndani. Lazare alinyoosha mkono kuupokea.

"Angalia mikono yako! Inatoka jasho kama ya bwana arusi. Enda kwa moto kwanza."

Lazare alikwenda, akaikausha, akarudi.

"Kunja. Ulivunja ya kwanza, tuone ya pili."

Aliukunja. Haukukatika. Aliukunja upande wa pili. Ukapindika na kushika. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini ulishika. Mwenze alikata mwingine juu, mwingine chini. Zote zilipindika. Karatasi iliyoungua ilikuwa ile ya nje tu, kwenye ncha za nyaya zilizoelekea bomba la moto, na hizo mtu anaweza kuzivisha upya kwa mkono. Walizivisha pamoja, bila maneno mengi. Mafuta yakamiminwa.

Umeme ulipowashwa, Mwenze aliegemeza fimbo kwenye tangi na kuweka ncha nyingine sikioni, kisha akampa Lazare asikilize. Mngurumo ulikuwa sawa, haukukwama popote.

"Umeizeesha kidogo," alisema. "Lakini itafanya kazi."

Mtaani wanawake walipiga vigelegele. Mabomba yalikuwa yanatoa maji. Tamar alipofika na beseni, Kyabu alimwita kutoka mlangoni: "Muke wa Samaki!"

"Samaki anataka maji," Tamar akajibu. "Toka kwa njia!"

Jina la Samaki lilimbakia Lazare. Kazi ya kukausha nayo ilibaki yake, mpaka alipostaafu.

Aliponisimulia haya, nilimuuliza swali moja tu: kwa nini alimwambia Mwenze, wakati hakuna aliyeona?

"Nilitaka kujua," alisema. "Hata minyi sikujua kama transfoma imekufa."