Mama mkwe anaomba radhi kwa kosa langu

Admin, nifichie jina, Mpanda hapa tunajuana. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili, na kipikapu changu cha kubebea mahindi.

Gari lenyewe stata ilishakufa, na waya wa hendibreki ulikatika toka masika. Kila siku nitatengeneza, nitatengeneza. Nikazoea kupaki kwenye mteremko, bila gia, mawe chini ya matairi. Nikitaka kuondoka natoa mawe, gari linaserereka, narukia ndani, linawaka. Wenzangu walinionya, nikawaona waoga tu.

Mwezi uliopita tulienda Mwese kwa wakwe, kuna mtoto wa shemeji alipata kipaimara. Kule ni milima mitupu. Nikapaki mteremkoni, upande wa juu wa nyumba, nikaweka jiwe kubwa na dogo, wala sikumwambia mtu. Wageni wakawa wengi, mama mkwe akataka kubandika sufuria jingine nje, akapungukiwa figa moja. Akaona lile jiwe kubwa, akalichukua. Mama wa watu gari atalijulia wapi? Lile dogo lilivumilia kidogo, kisha likateleza.

Baba mkwe alikuwa amekaa kule mwisho wa mteremko na wageni. Wenzake walikimbia, yeye gari likamkuta. Mguu umevunjika mara mbili, mpaka leo anabebwa kupelekwa chooni.

Waliponiuliza nikasema hendibreki niliivuta. Mungu wangu, ulimi ulitangulia! Shemeji akaliona jiwe chini ya sufuria, wote wakamgeukia mama. Nikanyamaza. Sasa mzee hali chakula cha mkono wa mama, na ndugu za mzee wanasema mama alikusudia.

Juzi mama amekuja mpaka kwangu, akapiga magoti. Mkwe anipigie magoti mimi! Akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nimekuharibia gari, na mwenzangu nimemlemaza."

Nikamwinua, nikamwambia nimemsamehe. Jamani, nilimsamehe kwa kosa langu mwenyewe. Tangu siku hiyo chakula hakipiti, na mke wangu anadhani namlilia baba yake.

Jumapili ukoo unakaa, wanataka mama arudishwe kwao, uzee wote ule. Nikisema ukweli, mke sina na wakwe sina. Na mimi ndiye wameniita nikawe shahidi. Nishaurini ndugu zangu, mama atakuwa amekaa pale ananitazama, nitafungua mdomo niseme nini?