Meli ya Kufika na Meli ya Kuzunguka

Siku yangu ya kwanza melini, vita vya mpakani vilikuwa vimepamba moto. Nilikuwa nimetoka kwetu Muleba, nikaajiriwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ya Bukoba na Mwanza. Vyumba vyenyewe vilijaa akina mama waliokimbia mabomu. Tuliwapeleka Mwanza, tukarudi na askari, na ngama, yaani tumbo la meli la kubebea mizigo, ikiwa imejaa magunia yao. Msimamizi wa Abiria alinikuta nimeduwaa na mashuka mkononi.

"Unangoja kualikwa? Kagawe maji!"

Sasa vijana mnanichosha. Mnanionyesha kwenye simu jengo la ghorofa linaloelea, lina bwawa la kuogelea na ukumbi wa muziki, mnasema, "Babu, hii ndiyo meli." Nani kawaambia?

Nahodha wetu alikuwa amefanya kazi baharini kabla ya kuja ziwani, naye alitufundisha tofauti. Meli kubwa ya safari ilivusha watu bahari kutoka bara hadi bara. Omo, yaani pua yake, ilikuwa ndefu na kali ya kupasua mawimbi. Mabati yake mazito, tumbo lake limezama sana majini, injini zake za kukimbizana na ratiba. Meli ya starehe ni pana na ndefu kwenda juu, imejaa madirisha, inakwenda taratibu. Ikisikia dhoruba inabadili njia, kwa kuwa haina anayeisubiri. Mara nyingi inawashusha watu palepale ilipowapakia.

Yetu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya safari.

Baada ya vita ukaja ugonjwa tuliouita Juliana, kabla hatujalizoea neno UKIMWI. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa Msimamizi wa Abiria. Alasiri moja pale Mwanza, abiria wakiwa wamejipanga gatini, Meneja wa Usafirishaji alifika na wageni wake. Alitaka tuwazungushe visiwani, turudi.

"Na hawa?" Nahodha akauliza.

"Watasafiri kesho."

Mbele ya foleni alikaa Ma Kokushubira, mama wa kwetu Muleba, karibu na Rubya, amempakata binti yake Adelina, mtu mzima aliyebaki mifupa. Watu walikuwa wamejitenga nao. Alimtazama Nahodha.

"Waitu, bwana wangu, mwanangu anataka kufia kwetu. Hiyo kesho nitaipata wapi?"

Nahodha akanigeukia. "Wapandishe. Yule binti mpe chumba cha daraja la kwanza."

"Utajibu kwa hili!" Meneja alifoka mbele ya wageni wake.

"Nitajibu nikishafika Bukoba."

Tulitoka. Upepo ukatupiga vibaya, meli ikazamisha omo na kuiinua, mizigo ikagongana ngamani. Nilimshikia Adelina kikombe asimwagikiwe na chai. Kila mara aliuliza, "Tumefika?" Asubuhi tulipotia nanga Kemondo, bandari ya kabla ya Bukoba, nilimfungulia mlango aione nchi kavu. Hakuuliza tena. Kaka zake walimbeba kwa machela. Aliwahi kuongea na watoto wake, na Jumapili wakamzika kibanjani, kwenye migomba ya kwao.

Nahodha alinyang'anywa meli, akapelekwa stoo kugawa kamba na rangi. Mtu aliyelijua ziwa lile kama uani kwake! Ma Kokushubira alileta mkungu wa ndizi bandarini kumshukuru. Nilipomwambia hayupo, alisonya, akaniachia nimpelekee. Nilimpikia ndizi zile, ebitoke, hukohuko stoo, tukala tumekaa juu ya makopo ya rangi. Hakulalamika. Nililalamika mimi.

Nimestaafu, naishi Hamugembe, hapa Bukoba, na bado hasira haijaisha. Zipandeni hizo meli zenu, mle, mcheze, mrudi mlikotoka, sina ugomvi. Ila siku mgonjwa wenu atakaposema anataka nyumbani, na ziwa limechafuka, ndipo mtakapojua mlikuwa mkisifia hoteli.